Kisukari na ganzi ya miguu: mwongozo kamili wa kujua hatari yako kabla mishipa ya fahamu haijaharibika

Mtu mwenye kisukari akiulizwa kama mishipa yake ya fahamu ni mizima, mara nyingi hujibu: "Miguu hainiumi, mimi niko sawa." Jibu hilo limewaponza wengi. Mguu uliopoteza hisia hauumi. Hadi nusu ya watu walioharibika mishipa ya fahamu kwa kisukari hawasikii dalili yoyote, na wapo wanaojua siku wanapovua kiatu na kukuta soksi imelowa damu.

Kosa linalojirudia ni hili: mtu anakwenda kliniki, anatobolewa kidole, anapimwa presha, anaandikiwa dawa zilezile, anarudi nyumbani bila kuvua viatu. Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Ukitaka miguu yako iangaliwe, fika na karatasi moja iliyojazwa, inayoonyesha vitu gani vinakuweka hatarini na vidole gani havisikii. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuijaza. Hazichukui nafasi ya daktari, ila zitamfanya aanzie panapostahili.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu
- Kadi ya kliniki na majibu yote ya maabara uliyonayo, hata ya zamani
- Dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili na vitamini ulizojinunulia
- Futi ya fundi cherehani
- Kioo kidogo
- Kipimo cha presha, kama kipo nyumbani au kwa jirani
- Mtu mmoja wa kukusaidia: mke, mume, mtoto au mjukuu mwenye subira
- Viatu vyote unavyovaa kila siku

Chagua mahali penye mwanga mzuri. Kama chumba ni giza, kaeni barazani.

## Hatua ya 1: Andika yale usiyoweza kuyabadili

Andika umri wako, aina ya kisukari, na mwaka ulipoambiwa unacho. Kadiri miaka ya kisukari inavyoongezeka, ndivyo hatari inavyopanda.

Wenye kisukari aina ya kwanza huanza kupimwa mishipa ya fahamu miaka 5 baada ya kugundulika. Wenye aina ya pili hupimwa siku ileile wanapogundulika, kwa sababu sukari huwa imekaa juu kimyakimya kwa miaka kabla ya mtu kupimwa. Kwa hiyo usijifariji kwamba "nimeanza juzi tu."

Andika pia urefu wako. Watu warefu wako hatarini zaidi, na sababu yake inaeleza ugonjwa wote: mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayotoka mgongoni hadi kwenye vidole vya miguu, na ndiyo inayoumia kwanza. Ndiyo maana ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kuelekea magoti. Mikono hufuata baadaye.

Umefaulu ikiwa: una mistari minne kwenye daftari. Usikae sana hapa, kazi iko mbele.

## Hatua ya 2: Tafuta sukari yako ya miezi mitatu

Hapa ndipo wengi hujidanganya bila kukusudia. Siku mbili kabla ya kliniki wanaacha chai ya sukari, wanapunguza wali, wanameza dawa kwa wakati. Asubuhi kidole kinasoma 6, kila mtu anafurahi. Mishipa ya fahamu haiangalii asubuhi moja. Inaumizwa na sukari ya miezi na miaka.

Kipimo unachokihitaji ni HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Andika majibu yote uliyonayo pamoja na tarehe zake. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee sana, au mtu ambaye sukari humshuka ghafla, daktari anaweza kulegeza lengo hilo.

Ili namba ikuingie akilini: HbA1c ya asilimia 7 ni sawa na wastani wa sukari wa karibu 8.6 kwenye mashine, asilimia 8 ni karibu 10.2, na asilimia 9 ni karibu 11.8. Kama mashine yako inatoa namba kubwa kama 150 au 200, inatumia kizio kingine (mg/dL badala ya mmol/L). Gawanya kwa 18 upate hizi ndogo.

Ushahidi upo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioitwa DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza tangu 1983 hadi 1993, ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili manufaa yapo lakini ni madogo kuliko hayo, kwa sababu huko sukari haifanyi uharibifu peke yake. Ndiyo maana hatua ya 3 na ya 4 usiziruke.

Tahadhari ya kwanza. Kama una sikoseli, umerithi nusu yake kutoka kwa mzazi mmoja, una upungufu wa damu, au umeongezewa damu hivi karibuni, HbA1c inaweza kutoa namba ya uongo. Katika ukanda wetu watu hawa ni wengi, na si kila mmoja anajua. Mwambie daktari kabla hajasoma majibu. Hapo vipimo vya kidole vya nyakati mbalimbali za siku, vilivyoandikwa kwa wiki kadhaa, vitasema ukweli zaidi.

Tahadhari ya pili. Usiishushe sukari kwa pupa. Mtu aliyekaa na HbA1c ya asilimia 12 kwa miaka, akaishusha kwa zaidi ya pointi 2 (yaani kutoka 12 hadi chini ya 10) ndani ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu makali ya mishipa ya fahamu yanayoletwa na kushuka huko kwa kasi. Hii haina maana uache dawa. Maana yake ni kwamba safari hiyo uende nayo na daktari, hasa ukianza insulini.

Umefaulu ikiwa: una angalau HbA1c moja isiyozidi miezi sita. Kama huna, andika kwa herufi kubwa: OMBA HbA1c.

## Hatua ya 3: Presha, mafuta, kiuno na figo

Mishipa ya fahamu hulishwa na mishipa ya damu midogo sana. Chochote kinachoharibu mishipa hiyo ya damu huinyima ile ya fahamu hewa na chakula.

Pima kiuno kwa futi, usawa wa juu kidogo ya kitovu, baada ya kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari imeanza. Kwa mwanamke, kuanzia 80. Najua wengi wetu tumelelewa kuona kitambi ni dalili ya neema. Mishipa ya fahamu haioni hivyo.

Andika presha yako. Kwa wengi wenye kisukari, madaktari hulenga chini ya 130/80. Andika majibu ya mafuta kwenye damu, hasa yale yanayoitwa trigliseridi, na majibu ya figo: kreatinini na protini kwenye mkojo. Figo zikichoka, sumu inayobaki kwenye damu nayo huumiza mishipa ya fahamu, na mtu mwenye tatizo la figo mara nyingi huwa na la mishipa pia.

Kisha tumbaku. Sigara hubana mishipa ya damu. Andika unavuta ngapi kwa siku na tangu mwaka gani. Usipunguze namba kwa aibu, karatasi hii ni ya kukuokoa wewe.

Umefaulu ikiwa: kila kipimo kina namba na tarehe, au neno "sijapimwa."

## Hatua ya 4: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Hatua hii hupuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoweza kufichua kisababishi chenye tiba. Si kila ganzi ya mwenye kisukari imeletwa na kisukari.

Metformini. Ni dawa nzuri na inafaa kwa wengi. Lakini ikitumika kwa miaka, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Hatari huongezeka ukitumia pia dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli kwa muda mrefu, au usipokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, maana B12 haipatikani kwenye mboga na nafaka. Andika umetumia metformini miaka mingapi na kwa dozi gani. Usiiache. Omba kipimo cha B12. Ikiwa chini, inatibika.

Dawa za kifua kikuu. Isoniazidi huleta ganzi kwa kuuibia mwili vitamini B6. Anayeitumia akiwa na kisukari anatakiwa apewe piridoksini pamoja nayo. Angalia kama kidonge hicho kimo kwenye mfuko wako. Kama hakimo, uliza leo.

Virusi vya Ukimwi. Virusi vyenyewe vinaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Waliotumia stavudini, dawa ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009, wanaweza kubaki na ganzi mpaka sasa. Mwambie daktari historia hiyo.

Pombe. Gongo, chang'aa, mbege au ya chupa, zote zinahesabika. Pombe ina sumu yake kwa mishipa ya fahamu, na mnywaji sana huwa hali vizuri, kwa hiyo hukosa vitamini B1.

Vitamini za mishipa. Hapa naomba usome polepole. Duka la dawa litakuuzia vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B bila kuuliza chochote, na watu huvimeza kwa miaka. Vingi vina B6 kwa kiasi kikubwa, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ileile unayotaka kuiponya. Soma karatasi ya ndani, andika miligramu, mwonyeshe daktari au mfamasia.

Dawa za asili nazo ziandike, jina kama unavyolijua. Hakuna atakayekugombeza, na kama atakugombeza, bado ni bora ajue.

Umefaulu ikiwa: orodha ina jina la kila dawa, dozi, na mwaka ulioanza.

## Hatua ya 5: Kipimo cha kugusa vidole

Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na kinahitaji ncha ya kidole cha mtu mwingine tu. Kinakaribiana vizuri na kile cha uzi wa plastiki kinachotumika hospitalini.

1. Vua viatu na soksi. Lala chali au kaa huku miguu imenyooshwa mbele.

2. Msaidizi akuguse kwanza mguu mmoja, akwambie: "Babu, huu ni wa kulia." Kisha mwingine: "Huu ni wa kushoto." Hii inaondoa mkanganyiko baadaye.

3. Fumba macho na uyafumbe kweli. Kuchungulia ndiko kunakoharibu kipimo hiki majumbani, kwa sababu hakuna anayetaka kukosa.

4. Msaidizi aguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi sana, sekunde 1 hadi 2. Asibonyeze, asigonge, asitekenye. Akibonyeza, nguvu itafika kwenye mishipa ya ndani zaidi na majibu yatakuwa mazuri kwa uongo.

5. Ukisikia, sema "kulia" au "kushoto." Usiposikia, usibahatishe.

6. Msaidizi afuate mpangilio huu: kidole gumba cha kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba cha kushoto, cha mwisho cha kushoto, cha kati cha kulia, cha kati cha kushoto. Jumla ni vidole 6.

7. Kila kidole kiguswe mara moja tu. Usipojibu, msaidizi aandike "hapana" na kuendelea. Kurudia mpaka mgonjwa ajibu ni upendo, lakini kunaficha ugonjwa.

Kusoma majibu: ukikosa vidole 2 au zaidi kati ya 6, hisia zimepungua na unahitaji kupimwa hospitalini. Ukikosa kimoja, rudieni siku nyingine. Ukisikia vyote 6, ni habari njema kwa leo, lakini kipimo cha mwaka cha kliniki bado unakihitaji.

Tahadhari: kama ngozi ya vidole ni ngumu sana kwa kutembea peku, mguso mwepesi unaweza usifike. Andika hivyo pembeni.

Andika pia unayoyasikia usiku: miguu kuwaka moto, sindano sindano, shuka kuuma inapogusa ngozi, au kuhisi unakanyaga sufi wakati unakanyaga saruji. Hayo yote ni lugha ya mishipa ya fahamu, si "baridi imeingia miguuni."

## Hatua ya 6: Kagua miguu na viatu

Tumia kioo kuona nyayo. Tafuta nyufa za kisigino, sugu, malengelenge, weupe kati ya vidole, kucha zilizoingia nyamani, vidole vilivyojikunja. Ngozi iliyokauka na isiyotoa jasho ni dalili, kwa sababu mishipa inayoendesha jasho imeguswa.

Msaidizi aguse miguu kwa mgongo wa mkono wake. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, andika na soma sehemu ya mwisho.

Viatu vyako, tia mkono ndani vyote. Changarawe, uzi uliofumuka, msumari: mkono utahisi kile ambacho mguu hauhisi tena. Kandambili zinazoshikwa na vidole viwili hazimfai mtu mwenye ganzi, zinachubua na huchomoka bila yeye kujua. Viatu vipya au vya mitumba nunua jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo, na vitoshe kwa upana pia.

Mambo ya nyumbani yanayoumiza miguu yenye ganzi ni haya haya kila siku:

- Kuloweka miguu kwenye maji moto ya chumvi. Pima maji kwa kiwiko, au acha kabisa.
- Kuota moto karibu na jiko la mkaa.
- Kukata sugu kwa wembe.
- Kutembea peku, hata ndani, hata kwenda msalani usiku.
- Kuacha unyevu kati ya vidole baada ya kutawadha. Kausha kwa kitambaa safi kila mara. Anayekwenda Hija au Umra ajiandae: sakafu na barabara zenye jua huunguza nyayo zisizosikia.
- Panya. Madaktari wa Dar es Salaam wameripoti wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini, wakajua asubuhi. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na osha miguu isibaki na harufu ya chakula.

Umefaulu ikiwa: umechora miguu miwili kwenye daftari na kutia alama kila palipo na tatizo.

## Hatua ya 7: Mishipa ya ndani isisahaulike

Kisukari hakiishii miguuni, huumiza pia mishipa ya fahamu inayoendesha viungo vya ndani. Jibu ndiyo au hapana: unaona kizunguzungu ukisimama? Tumbo hujaa haraka au chakula hukaa muda mrefu? Unaharisha usiku bila sababu? Mkojo hautoki wote? Nguvu za kiume zimepungua? Sukari ikishuka, hutetemeki wala kutoka jasho kama zamani?

La mwisho ni hatari sana, kwa sababu mtu anaweza kuzimia bila onyo. La nguvu za kiume wanaume hulificha hadi ndoa inayumba. Liandike, daktari amelisikia mara nyingi.

Kama una kipimo cha presha, lala dakika 5 upime, simama, upime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, andika. Awepo mtu wa kukushika usianguke.

## Hatua ya 8: Peleka karatasi kliniki

Vaa viatu vinavyovulika haraka. Ukikaa tu, mpe daktari karatasi na useme: "Daktari, naomba miguu yangu ipimwe hisia na mapigo ya damu leo." Omba pia vile ulivyoandika "sijapimwa."

Kisha uliza unatakiwa kurudi lini kwa ajili ya miguu peke yake. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari unasema hivi: mwenye hisia na mzunguko mzuri wa damu, mara moja kwa mwaka. Aliyepoteza hisia, au mzunguko wake wa damu ni hafifu, kila miezi 6 hadi 12. Mwenye mawili kwa pamoja, au moja kati yake pamoja na mguu uliopinda, kila miezi 3 hadi 6. Aliyepoteza hisia au mwenye mzunguko hafifu, ambaye pia amewahi kupata kidonda, kukatwa kidole au kuharibika figo kabisa, kila mwezi 1 hadi 3.

## Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya

- Kidonda chochote mguuni, hata kidogo na kisichouma
- Mguu mmoja kuvimba, kuwa mwekundu au mweusi zaidi, na kuwa wa moto, hata kama hauumi. Inawezekana mifupa inavunjika ndani. Usiukanyagie.
- Harufu mbaya, usaha, kidole kubadilika rangi kuwa cheusi, au homa
- Ganzi iliyoanza ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au maneno kutotoka. Hicho kinaweza kuwa kiharusi.
- Ganzi au udhaifu unaopanda haraka kwa siku chache

Nenda hospitali mara moja, siku hiyohiyo. Funika kidonda kwa kitambaa safi, usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta ya breki, na beba ile karatasi.